Mume Anayepigwa na Mkewe: Afanye Nini, Aanzie Wapi

Swali hili huja kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Mwanaume anauliza kwa niaba ya "rafiki", dada anauliza kwa ajili ya kaka yake, mama anauliza kuhusu mwanawe aliyekonda na asiyetaka kusema: mke anampiga mume, naye afanye nini? Mtaani hupewa majibu mawili. La kwanza ni ajikaze kisabuni, mwanaume hatoi nje mambo ya chumbani. La pili ni arudishe, ampige mpaka akome. Majibu yote mawili ni mabaya. Makala haya yanaeleza kwa nini, kisha yanaonyesha njia nyingine: kuutoa ukatili hadharani kwa utaratibu, mapema, kwa ushahidi na mbele ya watu wanaofaa, kabla haujamfikisha mtu hospitali, gerezani au kaburini.

Ushauri wote ulio hapa unatokana na hoja moja, kwamba usiri ndio unaomweka mume huyu hatarini kuliko kitu kingine chochote. Kipigo kinachofichwa huendelea kwa sababu hakimgharimu chochote anayepiga. Naye mume anayekificha anajinyima matibabu, mashahidi na kumbukumbu, mpaka siku atakaporudisha kofi moja. Kofi hilo ndilo litakaloonekana na kila mtu, na miaka yote ya nyuma haitakuwa na wa kuisimulia isipokuwa yeye mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Je, huu ni ugomvi au ni ukatili?

Kila ndoa ina ugomvi. Watu hupandishiana sauti, hununa, hulala mzungu wa nne, kisha hupatana. Ukatili ni jambo jingine, na unatambulika kwa hofu: mmoja anaishi akipima maneno yake, anachelewa kurudi nyumbani makusudi, anasikiliza mlango ukifunguliwa ili ajue leo hali ikoje. Jiulize kama haya yanakutokea, na kama yanajirudia:

- Kupigwa, kung'atwa, kukwaruzwa, kurushiwa vyombo, kumwagiwa maji au mafuta ya moto.
- Kutishiwa kwa kisu, mchi, panga au sumu.
- Kufungiwa nje usiku, au kunyimwa usingizi kwa makusudi.
- Kunyang'anywa simu, kadi ya benki au mshahara wote, na kuombaomba nauli yako mwenyewe.
- Kutukanwa na kudhalilishwa mbele ya watoto, wazazi au wafanyakazi wenzako.
- Kutishiwa kwamba ukisema utasingiziwa kesi, au hutawaona watoto tena.

Jambo moja lisemwe mapema. Kama na wewe unapiga, ushauri huu haukusafishi. Nyumba ambayo watu wawili wanaumizana inahitaji watengane kwanza, kisha kila mmoja ajibu kwa aliyoyatenda. Na kama mkeo amekupiga akijikinga na kipigo chako, wewe si mwathirika. Wewe ndiye wa kuacha.

"Lakini wanaoumia zaidi si wanawake?"

Ndiyo, na hakuna haja ya kulikwepa hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa au kudhalilishwa kingono, mara nyingi na mwenzi wake. Takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba takribani asilimia 60 ya wanawake waliouawa kwa makusudi waliuawa na mwenzi au ndugu, wakati kwa wanaume ni takribani asilimia 12. Anayetaka kutumia habari za waume wanaopigwa ili kudai kwamba ukatili dhidi ya wanawake umetiwa chumvi hana takwimu za kumsaidia.

Hata hivyo, udogo wa sehemu haufuti watu walio ndani yake. Nchini Kenya, ambako utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu huwahoji wanaume pia kuhusu ukatili, ule wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha umri wa miaka 15. Hesabu hiyo inahusu kipigo kutoka kwa mtu yeyote, si kwa mwenzi peke yake, na kwa wanawake walioolewa anayetajwa zaidi ni mume. Lakini inatosha kutuonya tusidhani kwamba mwili wa mwanaume hauguswi. Tena kinachomlinda mwanamke anayepigwa ndicho kinachomlinda mwanaume: kanuni kwamba ndoa haimpi mtu ruhusa ya kumwumiza mwenzake. Ukiivunja kwa mmoja umeilegeza kwa wote.

Sheria inakutambua

Wanaume wengi hawaendi kokote kwa kuamini kwamba sheria za ndoa zimeandikwa kwa ajili ya wanawake. Si kweli. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Neno ni "mwenzi", na mume ni mwenzi. Sheria hiyohiyo inautaja ukatili, wa kimwili au wa kiakili, kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika. Kumshambulia na kumjeruhi mtu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kanuni hiyo haiulizi jinsia ya aliyejeruhiwa. Ule msemo kwamba mke na mume hawatoi ushahidi mmoja dhidi ya mwenzake haukufungi hapa, maana aliyedhuriwa na mwenzi wake anaweza kusimama shahidi.

Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani, ndiyo maana unategemea hizo mbili. Kenya inayo, ya mwaka 2015, na Uganda inayo, ya mwaka 2010. Zote zinamlinda mume kama zinavyomlinda mke, na chini yake mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi ya kumzuia mkatili. Zanzibar nayo ina utaratibu wake, ambapo ndoa za Waislamu husikilizwa katika Mahakama ya Kadhi, lakini kumshambulia mtu ni kosa la jinai huko vilevile.

Usiku wa kipigo

Lengo la usiku huo ni moja: kila mtu afike asubuhi akiwa hai na mzima. Huo si wakati wa kushinda mabishano wala wa kumaliza hesabu za mwaka mzima.

1. Ondoka jikoni. Visu, sufuria za moto, chupa na mchi viko huko. Sogea upande wenye mlango wa kutokea.
2. Kinga kichwa na uso kwa mikono, kisha ondoka. Sheria inaruhusu kujikinga kwa nguvu isiyozidi mahitaji, lakini kumfuata mtu aliyekwisha kuacha si kujikinga tena.
3. Usimshike koo, usimsukume ukutani, usimfungie ndani. Hata kama nia yako ni kumtuliza, alama zitabaki mwilini mwake.
4. Kama watoto nao wako hatarini, toka nao mpaka kwa jirani au ndugu. Usimbebe mtoto kama ngao.
5. Nenda mahali penye watu: kwa jirani, kwa mjumbe, kituoni. Namba ya dharura ya polisi Tanzania ni 112.
6. Usiende baa. Ukirudi umelewa umempa kila mtu sababu ya kutokuamini.

Ni vizuri maandalizi yawepo kabla ya usiku huo. Weka kwa ndugu unayemwamini nakala za kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za mali, pamoja na nguo za kubadilisha na nauli. Mweleze mtu mmoja kwamba huenda ukamgongea mlango saa yoyote.

Asubuhi yake: hospitali na polisi

Kama jeraha ni la hatari, yaani damu haikatiki, umeungua vibaya, umepigwa kichwani au umepoteza fahamu, tangulia hospitali, karatasi zitafuata. Kama hali inaruhusu, pitia kituo cha polisi uchukue fomu ya PF3, ambayo hutolewa bila malipo, kisha uende nayo kwa daktari aijaze. Kwa wasomaji wa Kenya fomu hiyo ni P3. Mwambie daktari ukweli. Ukisema uliteleza bafuni, yeye ataandika kwamba uliteleza bafuni, na miezi sita baadaye karatasi hiyohiyo itasomwa dhidi yako.

Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Jina lake lisikurudishe nyuma, kwa sababu jinsia ni ya wanaume pia. Eleza kwa ufupi na kwa mpangilio: nani, lini, wapi, kwa kutumia nini, nani aliona. Usiondoke bila namba ya RB, au OB kwa Kenya, kwa sababu taarifa isiyo na namba ni sawa na mazungumzo tu. Askari akicheka au akikuambia ukayamalize nyumbani, usigombane naye. Omba kumwona mkuu wa kituo. Ukishindwa hapo, nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Kwenda na mtu mzima anayeheshimika, kama kaka mkubwa, mchungaji, shehe au mjumbe, hupunguza dhihaka kwa kiasi kikubwa.

Daftari lako la kumbukumbu

Ukatili wa nyumbani hufanyika bila hadhira, kwa hiyo anayeaminika ni mwenye kumbukumbu zilizoandikwa wakati wa tukio. Nunua daftari dogo na ulihifadhi nje ya nyumba, kazini au kwa ndugu. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo, bila matusi na bila tafsiri, kwa mfano:

*Jumanne, saa 3 usiku, sebuleni. Tulibishana kuhusu ada. Alinipiga na pasi mkono wa kushoto, mara mbili. Shemeji alikuwepo, akamshika. Nilitibiwa zahanati ya kata, Jumatano asubuhi. Karatasi ninayo.*

Mistari hiyo michache ina uzito kuliko kurasa kumi za kulalamika, kwa sababu kila kitu kilichotajwa kinaweza kuthibitishwa: siku, silaha, shahidi, zahanati. Ongeza haya:

- Picha za majeraha, ya karibu na ya mbali inayoonyesha uso, zilizopigwa siku hiyo na tena baada ya siku mbili, michubuko inapokuwa imejitokeza.
- Nguo zilizochanika au zenye damu, zikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, bila kufuliwa.
- Meseji na sauti za WhatsApp za vitisho. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii Tanzania, ila lazima uonyeshe ulikotoka na kwamba haukuchezewa. Hivyo tunza simu yenyewe, usitegemee picha ya skrini peke yake.
- Majina ya walioona au waliosikia, hata mpangaji wa chumba cha pili.

Nani aambiwe, na kwa mpangilio upi

Kuvunja usiri si kutangaza. Ukimwambia kila mtu, habari itageuka umbea na wewe utaitwa mume bwege au utaambiwa umelishwa limbwata. Anza na mtu mmoja mwenye siri na busara, kisha panua kwa makusudi. Mshenga wako, kama yupo na ana heshima pande zote mbili, ana nafasi nzuri, maana alishiriki kuijenga ndoa na anaweza kuwaita wazee bila kuonekana anachochea. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ni mtu wa pili muhimu. Kazi yake ni kusikiliza mambo kama haya, na maelezo yake yanaweza kutumika baadaye. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hutoa ushauri bila malipo kwa asiyeweza kumlipa wakili.

Kama umefika mahali pa kutaka kujidhuru, hilo litangulie mengine yote. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Aibu inayokusukuma huko ni ya yule anayekupiga, umebebeshwa tu.

Suluhu, kutengana na talaka

Kupiga si sababu ya lazima ya kuvunja ndoa, na wapo wanaoacha kabisa wanapogundua kwamba matendo yao yamejulikana. Lakini suluhu ina masharti: mwenye kupiga akiri bila "lakini", akubali msaada kama tatizo ni pombe au ugonjwa wa akili, na muwe mnaishi mbalimbali mpaka usalama uonekane kwa vitendo. Kikao cha kwanza kisifanyike jeraha likiwa bichi. Kuwa mwangalifu zaidi siku unapotangaza kuondoka, maana hapo hasira hupanda.

Kwa Tanzania Bara, anayetaka talaka kwa kawaida huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la taasisi ya dini. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na maombi yanapaswa kufika mahakamani ndani ya miezi 6 tangu hati hiyo itolewe. Mahakama inaweza kukubali kesi isiyopitia baraza pakiwa na mazingira ya pekee. Ndoa isiyotimiza miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kabla ya maombi ya talaka. Daftari lako, PF3 na namba ya RB ndivyo vitakavyozungumza katika hatua zote hizi.

Kuhusu watoto, sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kipimo kikuu ni ustawi wa mtoto. Baba anayeonyesha kwamba watoto nao walipigwa au walishuhudia kipigo ana hoja. Baba aliyetoroka na kukaa kimya mwaka mzima hana.

Makosa yanayowaangusha wengi

- Kurudisha kipigo "mara moja tu". Hasira hasara: kuanzia hapo wewe ndiye mshtakiwa.
- Kurekodi video na kuisambaza mitandaoni. Inawaaibisha watoto na inaweza kukuletea kesi yako mwenyewe.
- Kuhama bila kutoa taarifa popote, kisha kuitwa uliyetelekeza familia.
- Kuacha kutoa matunzo ili "akome". Endelea kutoa, kwa simu au benki, ukiandika ni ya nini: ada, chakula, matibabu.
- Kuuza nyumba au kiwanja cha familia kwa siri. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinazuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi.
- Kufuta kesi kwa shinikizo la ukoo kabla ya kupata makubaliano ya maandishi yenye mashahidi.
- Kukimbilia kwa mwanamke mwingine. Mjadala wote utahama kutoka kwenye kipigo kwenda kwenye uzinzi.

"Nitachekwa." "Si nimpe talaka tu?"

Utachekwa na baadhi ya watu, ndiyo. Mwaka 2012 habari za waume waliojeruhiwa na wake zao huko Nyeri, Kenya, zilienea sana, na mpaka leo jina la mji huo hutumiwa kufanyia mizaha. Lakini kicheko cha mtaani kina mwisho, wakati kipigo kisichoripotiwa huongezeka. Pima hasara hizo mbili kwa macho makavu: moja inakuondolea raha kwa majuma kadhaa, nyingine inaweza kukuondolea jicho, kazi au uhai. Wanaokucheka leo ndio watakaouliza kesho kwa nini hukusema.

Wapo wanaosema mume ana njia rahisi: atoe talaka au ahame. Wangeulizwa wao wangeona ugumu. Anaogopa kuwaacha watoto na mtu mwenye hasira. Nyumba aliijenga yeye, au mkopo wake haujaisha. Mara nyingi bado anampenda mkewe na anamkumbuka alivyokuwa. Sababu hizi ndizo zinazowazuia wanawake kuondoka, na hatuwezi kuziita uvumilivu kwa mmoja na ubwege kwa mwingine. Kumwambia mtu "ondoka" bila kumwonyesha aende wapi na aanze na nini si ushauri.

Kwa ndugu na marafiki

Atakayeambiwa kwanza ni ndugu au rafiki, na namna atakavyopokea habari ndiyo itakayoamua kama mume huyu ataendelea kusema au atanyamaza kabisa. Kwa hiyo:

- Usicheke, na usimwulize "kwani una nguvu gani?" Mwulize kama amepata matibabu na kama usiku huu ana pa kulala.
- Usiende kumpiga mkewe. Utakuwa umeongeza mwathirika na mshtakiwa.
- Msindikize kituoni na hospitali. Mtunzie daftari na nyaraka zake.
- Usimharakishe kutoa talaka wala kumrudisha kwa lazima. Msaidie awe salama, uamuzi ni wake.

Na wewe mume uliyesoma mpaka hapa, huhitaji kufanya yote leo. Leo mwambie mtu mmoja, andika tukio la mwisho unalolikumbuka kwa tarehe na mahali, na toa nje ya nyumba nakala za vyeti vyako. Kesho, kama una jeraha, nenda kachukue PF3. Sheria iko upande wako kwa sababu wewe ni mtu, na haikudai uthibitishe uanaume wako kwanza.